Posta: nilivyomtoa mhusika kwenye utoto wangu, na makosa niliyofanya njiani

Tangu kitabu kitoke, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, Posta ni wewe? Wanauliza wasomaji, wanauliza watu ninaofanya nao kazi, juzi kaniuliza mtoto wa miaka 10 aliyekuja na maswali yake ameyaandika kwenye karatasi. Mwanzoni nilikuwa najibu ndio bila kufikiri. Siku hizi sijibu haraka hivo, na sababu ndo nataka kuielezea hapa kwa kirefu, maana najua kuna watu wengi wana mswada umekaa kwenye kompyuta unahusu utoto wao, wengine wanaogopa kuumaliza na wengine wana haraka ya kuutoa, na mimi njia hiyo nimeipita kwa miaka 6 na kuna mashimo nimeangukia ambayo mtu angenionesha mapema ningezunguka.

Kwa ambao hamjasoma, Posta ni mtoto wa kike wa miaka 9 anayewasomea barua watu wazima wasiojua kusoma, na akikuta barua ina maneno ya kuumiza, au haina neno la upendo hata moja, anaongezea ya kwake. Anaongezea kwa sauti ileile, macho yako kwenye karatasi, kidole kinafuata mistari ambayo haipo. Jina lake ni lingine ila mtaa mzima unamwita Posta.

Hilo la barua lilitokea nyumbani kwetu. Baba alikuwa anafanya kazi mbali sana, anarudi mara moja kwa mwaka na mwaka mwingine harudi kabisa, na barua zake zilikuwa fupi, barua za mtu aliyechoka, nimepokea yako, mimi mzima, hela nimetuma, wasalimie wote. Tuliishi na mama pamoja na bibi mzaa baba, na bibi hakujua kusoma. Mama alikuwa anarudi kazini usiku na bibi hakuwa na subira ya kungoja mpaka usiku, kwahiyo barua ikifika mchana ilisomwa mchana huohuo na mtoto. Bibi alikuwa anajiweka sawa kwanza, anakaa karibu na dirisha, bahasha inachanwa pembeni taratibu ili stempu isiharibike, halafu anasema haya, soma. Na palipomgusa alikuwa na neno lake, "Rudia hapo." Kwenye kumbukumbu yangu mimi ndo nimesimama na karatasi, naona baba hajamtaja bibi hata kwa jina, nami naongeza, mwambie mama nimemuota juzi. Na bibi anasema rudia hapo.

Nilikaa na picha hiyo zaidi ya miaka 30 kabla sijaandika neno.

Drafti ya kwanza niliandika kila kitu kama nilivyokikumbuka, kwa mpangilio wa miaka. Nilianza na nyumba, nikaja kwenye mti, halafu shule, siku niliyovunjika mkono, jirani aliyekuwa anafuga njiwa, mpaka rangi ya mlango. Kurasa 300 na kitu, mwaka mzima na miezi, nikiandika alfajiri kabla ya kazi na baadae nikapunguza siku za kazi kabisa ili niandike, kwahiyo na kipato kikapungua, hilo niliseme wazi kwasababu watu hawalisemi. Nikampa rafiki yangu asome, mtu anayesoma sana na asiyejua kunibembeleza. Alikaa nayo wiki 3 akanirudishia na kusema, huyu mtoto kila mtu anamfanyia vitu, yeye mwenyewe anataka nini?

Sikumjibu, nilikasirika. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba alikuwa ameona tatizo lenyewe. Utoto wa mtu wengi wetu ndo ulivyo, unahamishwa, unavalishwa, unaambiwa kaa pale, na ukiandika ukweli huo ulivyo unapata mtoto anayebebwa na hadithi badala ya yeye kuibeba. Msomaji humhurumia kidogo halafu anachoka. Anayempenda ni mtoto anayetaka kitu na anafanya juu chini akipate, hata kama anakosea. Hapo ndo nikaanza kufanya zoezi ambalo mpaka leo nampa kila anayeniomba ushauri, chukua karatasi uigawe katikati kwa mstari, upande mmoja andika kilichotokea, upande wa pili andika ulikuwa unataka nini mda ule. Upande wa kwanza mimi ulijaa siku moja. Wa pili nilikaa nao mwezi mzima na wenyewe ndo uliokuja kuwa kitabu.

Kosa lingine kwenye drafti ile lilikuwa mtu mzima ndani yake. Nilikuwa namsimulia mtoto kutoka umri wangu wa sasa, kila baada ya kurasa 2 naingia kufafanua, wakati ule sikujua kwamba, leo ndo naelewa kuwa. Nilikuja kupata nguvu niliposoma habari za Harper Lee, yule mwandishi wa Marekani aliyeandika riwaya ya To Kill a Mockingbird ya 1960. Alichopeleka kwanza kwa mchapishaji kilikuwa hadithi ya mwanamke mtu mzima anayerudi kumtembelea baba yake, utoto unakuja vipandevipande tu, na mhariri wake Tay Hohoff alipenda zaidi hizo sehemu za utoto akamwelekeza huko. Akaandika upya miaka zaidi ya 2, na huyo mwanamke akageuka mtoto, Scout, anayeona mambo kwa kimo chake. Drafti ile ya mwanzo ilikuja kuchapishwa 2015 kwa jina jingine na ukizisoma zote mbili unaona kabisa kazi iliyofanyika katikati. Nikasema kama yeye alifumua, mimi ni nani nisifumue.

Basi nikafumua. Mtoto akabaki peke yake kwenye ukurasa, bila mtu mzima wa kumfafanulia. Ushauri mdogo hapa, piga magoti, sitanii, zunguka nyumba nzima kwa kimo cha mtoto wa miaka 9 na uandike unachokiona. Mimi nilikuwa nimeandika Posta anaona vumbi juu ya kabati wakati hafiki hata kwenye kitasa chake cha juu. Unaona upande wa chini wa meza, unaona magoti ya watu, mikono yao kabla ya nyuso. Makosa kama hayo msomaji hawezi kuyataja lakini anahisi kuna kitu hakiko sawa.

Drafti ya pili ikawa na ugonjwa mwingine, nilimsafisha. Posta akawa mtoto mwema asiye na doa, mwerevu, anawaonea huruma watu wazima wote, anaongeza maneno kwenye barua kwasababu ya upendo tu. Ukweli nilikuwa naujua, kwenye ile karatasi ya mstari katikati upande wa pili nilikuwa nimeandika kitu nilichokionea aibu, kwamba nilipenda bibi anitazame mimi. Nilipenda yale macho. Barua ilikuwa ya baba ila mda ule wa kusoma bibi alikuwa wa kwangu. Hilo nililiacha nje kwasababu niliona linamchafua mtoto, na kumbe kwa kuliacha nje nilikuwa nimetoa roho yake.

Aliyenisaidia hapo ni Charles Dickens, mwandishi wa zamani wa Uingereza, na hapa naomba mnivumilie kwasababu hii habari naipenda sana. Mwaka 1824 akiwa na miaka 12 baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kule London kwasababu ya madeni, na mtoto akapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu, kufunika makopo ya rangi kwa karatasi, kuyafunga kamba na kubandika lebo. Alikaa pale miezi tu, sio miaka, ila lile jambo alilificha karibu maisha yake yote, aliyemwambia ni rafiki yake John Forster, na dunia ilikuja kulijua baada ya yeye kufa kupitia kitabu cha huyo Forster. Sasa fungua riwaya yake ya David Copperfield aliyoiandika 1849 mpaka 1850, David anapelekwa akiwa mdogo kwenye ghala la mvinyo, anaosha chupa na kubandika lebo. Makopo yamegeuka chupa, rangi ya viatu imegeuka mvinyo, lakini aibu ya mtoto anayejiona ametupwa wakati yeye anataka kusoma, hiyo hakuigusa. Ameiacha ileile kama ilivyomkuta.

Nilipoelewa hilo nikaona mimi nilikuwa nafanya kinyume chake kabisa, mlango niliuacha na rangi yake, mti na idadi ya matawi yake, halafu aibu ndo niliyoibadilisha. Nikageuza. Nyumba nikaihamisha, bibi mmoja nikamgawanya akawa watu watatu tofauti wa mtaani, baba nikamtoa kabisa kwenye hadithi akabaki kwenye barua tu. Na Posta nikampa ule uchu wa kutazamwa. Siku niliyoandika anamsomea mzee mmoja barua na katikati anainua macho kuona kama mzee anamwangalia, nilijua nimempata. Nililia pale mezani, sio kwa huzuni, ni kama vile mtu niliyekuwa namngoja kituoni amefika.

Hapo tuongee kuhusu afya kidogo. Kuandika vitu vya utoto kunachimbua. Kuna kipindi cha kama miezi 4 nilikuwa silali vizuri, naota nyumba ile, naamka nikiwa na hasira na mama kwa mambo ambayo yeye ameshayasahau, na nilikuwa nampigia simu saa zisizo za kawaida kumuuliza vitu kama polisi. Kama unaanza kazi ya namna hii mwambie mtu mmoja nyumbani kwamba umeanza, ili ukibadilika ajue inatoka wapi. Na jiwekee siku za kutoandika. Mimi sikufanya vyote viwili na waliokuwa karibu nami waliumia bila kujua kwanini.

Drafti ya tatu ilikuwa ya kumpa Posta matukio yake mwenyewe ambayo hayakunitokea, na hii wengi wanaiogopa, wanaona kama wanadanganya. Kwa hofu hiyo mimi nilisoma maisha ya mwandishi Lucy Maud Montgomery wa Kanada. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu yeye hajafikisha hata miaka 2, baba yake akahamia magharibi ya nchi, akalelewa na bibi na babu wakali kijiji cha Cavendish, Kisiwa cha Prince Edward. Anne, mhusika wa kitabu chake Anne of Green Gables cha 1908, ni yatima aliyeletwa kwa makosa kwa watu waliokuwa wameomba mtoto wa kiume. Hilo halikumtokea Montgomery, lilitokana na mistari michache aliyokuwa ameandika zamani kwenye daftari lake. Ila alipokuwa mtoto alikuwa na rafiki wa kufikirika aliyeishi kwenye kioo cha kabati la vitabu, akamwita Katie Maurice, na huyo Katie Maurice kampa Anne vilevile, jina na kabati na kila kitu. Tukio amelibuni, ila upweke ni wa kwake mwenyewe. Na kwa waliokataliwa, mswada ule ulirudishwa na wachapishaji kadhaa mpaka akauweka kwenye boksi la kofia akaachana nao kwa mda. Wangu ulirudishwa mara 7, mara 5 bila maelezo, na kila uliporudi nilikuwa nakumbuka lile boksi.

Kwahiyo Posta akasoma barua za mtaa mzima, akakosea, akaongeza ahadi kwenye barua ya mtu na yule mtu akaenda kungoja mgeni ambaye hakuwa anakuja. Hiyo sura ndo wasomaji wanaiongelea sana na haikunitokea hata kidogo.

Sasa nifike kwenye kosa kubwa.

Kila hadithi inahitaji mtu wa kumzuia mhusika, na mimi nilikuwa naye tayari, dada yangu. Kwenye kumbukumbu yangu kuna siku barua imefika, nimeishika nakimbia nayo kwa bibi, na dada ananikamata mlangoni, ananipokonya kwa nguvu mpaka naanguka, na barua ile haikuonekana tena. Baba hakurudi tena baada ya mwaka ule. Nililiandika tukio lile karibu kama lilivyo. Kwenye kitabu Posta ana dada mkubwa mwenye wivu, mkimya, anayeficha barua kwasababu hataki mdogo wake apendwe. Nikampa na tabia ya dada ya kukunja mkono wa gauni mara mbilimbili akiwa na mawazo, kwasababu ilikuwa nzuri kwenye sentensi.

Sikumuuliza. Miaka yote 6 niliongea na mama, niliongea na majirani wa zamani, nilisoma vitabu, na mtu pekee aliyekuwa mtoto pamoja nami kwenye nyumba ile sikumuuliza swali hata moja. Nilijiambia nataka kumshtukiza na kitabu. Sio kweli, niliogopa ataniharibia kumbukumbu yangu.

Kitabu kilipotoka nikamtumia nakala nimeisaini. Wiki 2 kimya. Halafu akapiga, hakusalimia, akasema, "Mdogo wangu, kitabu nimekisoma. Ule mkono wa gauni ni wangu, kwahiyo yule ni mimi." Nikaanza kueleza kwamba mhusika ni mhusika, kwamba hadithi ina mahitaji yake, maneno yote tunayosema. Akaniacha nikamaliza. Akasema, "Wewe ulikuwa hujui kusoma. Ulikuwa na miaka 5. Nani alikuwa anamsomea bibi?" Akakata.

Nilikaa chini nikaanza kuhesabu. Tumepishana miaka 4. Mwaka ule wa barua nyingi mimi sikuwa nimeanza hata shule. Na Posta nilimpa miaka 9 na siku zote nikiulizwa kwanini 9 nilikuwa najibu imekuja tu yenyewe. Dada ndo alikuwa na miaka 9. Na ile picha yangu yote, dirisha, bahasha, magoti ya bibi, nikiitazama vizuri niliona kwamba naiona kutoka chini, kutoka chini ya meza, ndo maana nayaona magoti. Mimi nilikuwa nasikiliza. Yale macho ya bibi niliyoyataka hayakuwa yananitazama mimi, yalikuwa yanamtazama dada, na kuyataka kote kule kulitoka hapo. Nimemwandika dada mara mbili kwenye kitabu kimoja, mara ya kwanza nikachukua alichofanya nikajipa mimi, mara ya pili nikampa yeye ubaya wote.

Miezi 7 hatukuongea. Nilituma meseji anazisoma hajibu. Mama alikuwa katikati yetu na afya yake sio nzuri, na ilifika mahali nikitembelea yeye anaondoka. Kipindi hichohicho kitabu ndo kinapendwa, watu wananiandikia wakisema Posta amewasaidia, na kila ujumbe uliniingia kama mwiba. Kupendwa kwa mhusika hakukufidii ulichokipoteza nyumbani. Ningepewa nafasi ningebadilishana siku ileile.

Kipindi hicho ndo nikasoma tena kuhusu Dickens kitu nilichokipita mwanzoni. Pale kiwandani kulikuwa na mvulana aliyeitwa Bob Fagin, ndo aliyemfundisha kufunga kamba kwenye makopo, na siku alipopatwa na maumivu ya ubavu Bob alijaza chupa maji ya moto akamkanda nazo mda mrefu. Miaka baadae Dickens alipoandika Oliver Twist akalichukua jina la Fagin akampa mkuu wa wezi. Sijui vizuri ilikuwaje kwa upande wa Bob. Mimi niliiona sura yangu pale. Na Christopher Robin Milne, ambaye baba yake A. A. Milne alitumia jina lake la kweli kwenye hadithi za Winnie-the-Pooh kuanzia 1926, alitaniwa na kuteswa shuleni kwasababu ya yule mtoto wa kitabuni, na alipokuwa mtu mzima aliandika wazi uchungu huo kwenye kitabu chake cha 1974. Watoto wote duniani wanampenda Christopher Robin na aliyekuwa anaitwa hivyo kweli alikuwa anaumia. Afadhali angalau Mark Twain, kwenye utangulizi wa Tom Sawyer wa 1876 alisema mapema kwamba Tom ni mchanganyiko wa wavulana 3 aliowafahamu. Mchanganyiko ni ulinzi. Unawalinda wao na unakulinda wewe, kwahiyo usimpe mhusika mmoja jina, sura, kazi na kile kitabia kidogo cha mtu mmoja, chukua kimoja tu na hicho pia kihamishe. Ule mkono wa gauni ndo ulioniuza, bila ule dada angeweza hata kujiambia labda sio yeye.

Na kabla ya yote waulize uliokuwa nao. Waulize mapema, kabla hujaipenda drafti yako kiasi cha kushindwa kuibadilisha. Wakikumbuka tofauti na wewe usiwakatishe kusema hapana haikuwa hivyo, andika ya kwao pembeni ya ya kwako, zote mbili. Hadithi yangu ingekuwa nzuri zaidi kwa kumbukumbu ya dada kuliko kwa yangu, na hilo linaniuma kama mwandishi kando kabisa na linavyoniuma kama ndugu. Halafu mtu unayemchukua sana mpe asome kabla ya kwenda kwa mchapishaji, na uamue kabla ya kumpa kama uko tayari kufuta akisema futa. Kama hauko tayari mwambie hivo hivo, usimpe asome ili akubariki tu.

Mwezi wa 8 wa ule ukimya nilienda kwake bila kumwambia. Nilikaa nje karibu saa nzima kabla hajafungua. Hakuniuliza kilichonileta, akaingia ndani akarudi na bahasha ya zamani, imechanwa pembeni taratibu, stempu bado ipo. Akasema, "Umeandika sana kuhusu barua, hii umewahi kuiona?" Sikuwahi. Ilikuwa mistari 6 ya mwandiko wa baba, nimepokea yako, mimi mzima. Bibi hakutajwa popote. Ila nyuma ya karatasi kulikuwa na mwandiko wa penseli, mkubwa, wa mtoto anayejifunza, umefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imelika. Mwambie mama nimemuota. Mwambie mama kiti chake asikalie mtu mwingine. Kumbe hakuwa anabuni palepale kama Posta. Barua zilikuwa zinapitia kwake kwanza, anaisoma peke yake, anaandaa maneno kwa penseli, halafu ndo anamwambia bibi barua imefika.

Nikamuuliza kuhusu ile aliyoninyang'anya. Akasema, "Ile ipo. Ila hiyo sikupi." Hajaniambia ilisema nini na sijauliza tena. Kwenye kitabu nilikuwa nimebuni maneno yake, ukurasa mzima, na nilipotoka pale nilimpigia mchapishaji kuomba toleo linalofuata ukurasa ule utoke, barua ifichwe na isisomwe na mtu yeyote, hata na msomaji, na sura mbili za dada ziandikwe upya. Walikubali, ila gharama za kupanga kurasa upya nilibeba mwenyewe na ilinichukua karibu mwaka kuzirudisha. Safari hii sura zile nilimpa dada azisome kwanza. Alifuta sentensi 4 kwa penseli. Ule mkono wa gauni aliuacha.

Lakini siku ile ya bahasha, kabla sijaondoka, nilimwomba anisomee. Alikataa kwanza, akasema macho, miwani iko mbali. Halafu akaichukua. Alisimama, akasoma kwa ile sauti, nimepokea yako, mimi mzima, hela nimetuma, wasalimie wote. Nami nilikuwa nimekaa chini sakafuni, sijui nilifikaje pale, nayaona magoti yake. Karatasi aliishika upande wa mbele, maandishi ya penseli yako nyuma, upande wangu, ningeweza kuyafuata neno kwa neno. Akamaliza mistari 6 na hakuacha. Akaendelea kwa sauti ileile, macho yako kwenye karatasi, "Na yule mdogo anayekaa chini ya meza, mwambie najua yupo."

Haikuwepo mbele wala nyuma.

Nikamwambia, "Dada, rudia hapo."